Uzuri wa Mkakasi: Jinsi Nilivyoliandaa Gari Langu Kuuzwa



Kila mwaka ninapofundisha methali, hakosi mwanafunzi wa kukwama penye neno mkakasi. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Hapa Arua hatuna mkakasi wa kuonyesha darasani, basi hueleza kwa maneno kwamba ni kikasha cha mviringo kilichochongwa kwa mti na kutiwa nakshi, kinachopendeza machoni, ilhali ukikifunua huoni ndani ila mti uleule. Mwaka huu nimepata mfano wa karibu zaidi. Mfano wenyewe unanifedhehesha kidogo, lakini maadamu ninyi huniandikia insha za kweli kuhusu maisha yenu, nami nina deni.

Nilikuwa na gari. (Na tuseme gari langu, si gari yangu, hata kama mitaani kote utasikia hiyo ya pili.) Lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1995, aina ambayo Waganda huiita kikumi. Kikumi kwa Kiganda ni mia moja, kutokana na namba 100 iliyomo katika jina la kiwandani la muundo huo. Mwanafunzi wa Kiswahili asidanganywe na kumi anayoiona ndani yake. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, kwa hiyo vikumi haviongezeki. Vilivyopo hupokezanwa tu, kutoka mkono hadi mkono.

Niliamua kuliuza kwa sababu ya shule. Mimi nina stashahada ya ualimu, na Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada. Karo ya chuo kikuu haitoki katika mshahara wa mwalimu mwenye stashahada ambaye pia analisha nyumba. Nilipiga hesabu: gari likiuzwa shilingi 7,500,000, ningelipa mwaka wa kwanza wote na kubakiwa na nauli.

Ndipo nilipoanza kuliosha. Ilikuwa likizo ya Desemba, kiangazi kimeingia, na vumbi jekundu la West Nile limetanda juu ya kila kitu hadi majani ya miembe. Wengi huyapeleka magari yao kando ya mto Enyau, wakayaosha humohumo mtoni, oili na sabuni zikaenda na maji. Sikufanya hivyo. Enyau ndio mto unaounyweshea mji huu, na siwezi kuwafundisha watoto haki na wajibu wa raia asubuhi, kisha jioni nikawatilia oili katika maji ya chai. Nilinunua maji ya mapipa mawili, nikaliegesha gari chini ya mwembe, nikamwita kijana wa jirani ambaye kazi yake ni hiyo.

Kijana yule alikuwa mwalimu wangu kwa siku mbili. Alinionyesha kwamba gari huoshwa kuanzia paa kuja chini, kivulini, bati likiwa limepoa, kwani juani sabuni hukauka na kuacha madoa. Alitumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka mlangoni usirudi kuikwaruza boneti. Alinikataza sabuni ya unga ya kufulia, akisema inaondoa nta yote juu ya rangi, na rangi isiyo na nta hupauka upesi kwa jua letu. Baada ya kukausha, alipaka polishi kidogo kidogo kwa kitambaa laini, akizungusha mkono pole pole, na rangi ya buluu ambayo nilidhani imekufa ikarejea. Nilisimama nikiitazama sura yangu ndani ya mlango.

Ndani ndiko kulikokuwa na kazi. Tulifungua viti kwa spana namba 14, tukavitoa nje kama jeneza, tukang'oa zulia. Chini yake tulikuta maisha yangu ya miaka sita: vipande vya chaki, kalamu nyekundu tatu, punje za simsim, sarafu ya shilingi 50, na magamba ya angara, wale samaki wakavu watokao upande wa Panyimur, ambao harufu yao ilikuwa imekaa butini tangu msiba wa shangazi, tuliposafirisha chakula cha matanga. Zulia lilisuguliwa kwa brashi na kuanikwa siku mbili nzima. Lisipokauka sawasawa, kijana alisema, harufu itakayokuja itakuwa mbaya kuliko ya samaki. Vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe tulivisafisha kwa magadi na maji ya moto.

Hadi hapo, msomaji wangu, sina la kujutia. Kumwosha ng'ombe kabla ya kumpeleka mnadani si udanganyifu. Mnunuzi ana haki ya kukuta gari safi, na muuzaji ana haki ya kuonyesha kwamba alilitunza.

Kisha tukafungua boneti.

Injini ile ilikuwa na ugonjwa nilioujua kwa mwaka mzima. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeanza kuchoka. Penye kiungo chake palikuwa na michirizi myembamba ya rangi ya kutu, alama za maji yaliyovuja na kukaukia hapo. Kwa safari fupi za shuleni haikunisumbua, mradi niongeze maji katika rejeta kila baada ya siku mbili tatu. Lakini likipakia watu watano likapanda mlima, mshale wa joto ulikuwa ukipanda nalo.

Kijana alitazama, akaelewa bila kuambiwa. Akanishauri ninunue dawa ya kuziba rejeta: huimwaga ndani, hushikilia wiki tatu, "na baada ya hapo gari si lako tena." Nilikataa kwa sauti kubwa, nikajiona mwadilifu. Halafu nikamwachia aendelee na kazi yake. Alifunika sehemu za umeme kwa mifuko ya nailoni, akapaka sabuni ya kuyeyusha grisi, akasugua kila pembe kwa mswaki, akasuuza kwa maji machache. Ile michirizi ya kutu ilikwenda na uchafu mwingine. Injini ikawa kama ya dukani. Sikusema neno. Sikuwa nimeweka uongo wowote ndani ya gari. Nilikuwa nimeosha ushahidi tu, na wakati ule tofauti hiyo niliiona kuwa kubwa.

Mnunuzi alipatikana kwa njia ya mwalimu mwenzangu: mzee mmoja wa Koboko, mwanajeshi mstaafu, aliyetaka kutumia kiinua mgongo chake kumnunulia mwanawe gari la kubebea abiria kati ya Koboko na Arua. Tulipatana kwa simu shilingi 7,000,000, akaomba nimpelekee gari nyumbani kwake alione.

Nilitoka Arua alfajiri kungali na baridi. Barabara ile ni ya lami tangu Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, na Koboko iko umbali wa kilomita zaidi ya 50 kutoka Arua. Butini, nyuma ya tairi la akiba, niliweka jerikeni ya njano yenye lita 20 za maji, nikaifunika kwa gunia. Katikati ya Maracha nilisimama kando, nikangoja injini ipoe, nikaongeza maji, nikapangusa matone kwa leso ili boneti isionekane imefunguliwa njiani. Watoto waliokuwa wakienda kisimani walinisalimu, "Shikamoo mwalimu", maana sisi walimu hujulikana tu hata pasipo vitabu. Niliitikia bila kuwatazama.

Koboko ni mji wa Wakakwa, nami ni Mlugbara. Mzee hakujua Kilugbara, mimi sijui Kikakwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha amri za gwaride. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo ninapotaka mwanafunzi wangu asome taratibu.

Mzee alilizunguka gari mara mbili, akagusa boneti kwa kiganja, akacheka kwa kuridhika. Kisha akauliza: "Mwalimu, hii gari iko na ugonjwa gani?"

Swali lile lilikuwa na makosa mawili ya sarufi, nalo lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa mwaka ule. Mimi nikajibu kwa Kiswahili sanifu: "Mzee wangu, kwa kuzingatia umri wake, gari hili liko katika hali ya kuridhisha."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Kiswahili yako ni nzuri sana, mwalimu."

Lugha niliyoisomea, ninayowahimiza muipende kwa sababu hatimaye Bunge letu liliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, nilikuwa nimeipaka juu ya injini kama polishi. Na yeye, kwa adabu yake, alidhani kwamba asichokielewa ni upungufu wake.

Tuliketi chini ya kibanda, mwenyekiti wa LC1 akaitwa awe shahidi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka makubaliano ya zaidi ya shilingi 500,000 yawe katika maandishi, na mzee aliniomba niyaandike mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu. Nilikuwa na nakala ya Kiingereza niliyopewa na rafiki. Nikajaza majina, namba ya gari, kiasi cha fedha. Mwenyekiti, ambaye alikuwa makini kuliko sisi sote, akasema: "Msomee mzee."

Kuna sheria nchini mwetu ambayo nimeifundisha mara nyingi, ya kuwalinda wasiojua kusoma. Watu hudhani inawahusu wale tu ambao hawakukanyaga shule. Sivyo. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati iliyo mbele yake. Profesa wa Kiarabu akiwekewa mkataba wa Kijapani, naye yumo. Na anayemwandikia mtu wa namna hiyo lazima aandike jina lake kamili na anwani yake katika hati, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliisoma na kuieleza hadi mwenyewe akaelewa. Mzee alisoma Kiswahili chake polepole, kwa kidole. Kiingereza hakukisoma.

Nikaanza kufasiri, kifungu baada ya kifungu, hadi nikafika hapa: "Mnunuzi amelikagua gari na amelikubali kama lilivyo, na hatakuwa na madai yoyote baadaye."

Mzee akaninyoshea mkono nisimame. "Kama ilivyo. Iko namna gani?"

Sijui kama aliuliza kwa hila au kwa unyofu. Mpaka leo sijajua. Nilitazama kifungu kile, na jina langu kamili likiwa tayari limeandikwa chini. Nikasema: "Mzee, gasketi ya injini inavuja. Likipakia watu wengi linachemka. Nimeongeza maji njiani nikija kwako. Jerikeni iko butini."

Kimya kilikuwa kirefu. Mwanawe alisimama, akafungua buti, akaondoa gunia, akarudi na jerikeni akaitua katikati yetu kama kielelezo mahakamani. Alisema jambo kali kwa Kikakwa, ambalo sikuhitaji kufasiriwa. Mwenyekiti akawa anatazama miguu yake. Nilikuwa nimekwisha kuiona safari ya kurudi Arua na gari langu linalong'aa na karo yangu iliyopotea.

Mzee akatuma mtu amwite fundi. Fundi alisikiliza injini, akafungua kifuniko cha rejeta iliyokwisha poa, akawasha, akaonyesha mapovu. Akataja gharama: gasketi mpya, kichwa cha injini kusawazishwa, oili, na kazi yake, jumla shilingi 900,000. Mzee akaniuliza kama naona ni haki. Nikasema ni haki. Tukaandika 6,100,000, nami kile kifungu nikakifuta na kuandika kingine kwa Kiswahili, nikiitaja gasketi kwa jina. Nilimsisitizia pia usajili uhamishiwe jina lake mara moja, kwani faini za barabarani humfuata aliyesajiliwa, si anayeendesha.

Fedha zile hazikutosha mwaka mzima. Nililipa muhula mmoja, nikakopa katika chama chetu cha walimu kwa ajili ya wa pili, na mkopo huo ninaulipa hadi sasa, nikitembea kwenda shuleni kwa miguu.

Mwezi Machi nililikuta gari lile Arua, kituo cha magari ya Koboko. Rangi ya buluu haikuonekana kwa vumbi. Kijana alikuwa akipanga mizigo. Aliponiona alisita, kisha akanisalimu vizuri. Nilimwuliza habari za injini, akasema haichemki. Butini, kati ya magunia ya mihogo, niliiona jerikeni yangu ya njano.

"Bado mnabeba maji?"

"Hapana, mwalimu. Hiyo ni asali. Tunaleta kuuza."