Majeruhi wa Tanganyika na Maji ya Msalato

Maji yetu huku Msalato, Dodoma, yana sifa mbaya. Birika huota ukoko wa chokaa, sabuni hutoa povu kwa taabu, na wageni hulalamika kwamba chai haina ladha. Mimi nayapenda. Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale Tropheus wa kwenye miamba ya Kigoma, na ziwa lile lina madini mengi na pH inayokaribia 9. Wafugaji wa Ulaya hununua madini ya kuchanganya ili wayaige maji hayo. Mimi nakinga bombani, naiacha ndoo wazi mpaka kesho yake klorini ipungue, basi.

Tabu ya samaki hawa ni ubabe. Dume hujitwalia jiwe, na akimchukia mwenzake humkimbiza kutwa, akimchana mapezi na kumng'oa magamba. Ziwani aliyeshindwa hukimbia mbali. Ndani ya kioo akimbilie wapi? Kwa hiyo majeruhi nimewauguza wengi, na jirani yangu hajaacha kunitania: "Mwalimu, huyo mkaange tu."

Simtoi mgonjwa kwa wavu, kwa sababu wavu hukwangua ute, na ute ndiyo kinga yake ya kwanza. Namswaga taratibu aingie kwenye bakuli, kisha namhamishia kwenye beseni lenye maji ya tangi lile lile, pampu ya hewa, kipande cha bomba cha kujifichia na sponji ya chujio iliyokwisha kutumika, yenye bakteria wake. Juu natandika khanga. Giza humtuliza.

Halafu chumvi, gramu 2 kwa kila lita, niliyoiyeyusha pembeni kwanza. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia muda wote naye huyatoa kwa mkojo. Ngozi ikichanika, kazi hiyo huongezeka maradufu. Chumvi kidogo humpunguzia mzigo, na huwazuia kuvu, wale wa vinyuzi vyeupe kama pamba.

Lakini kinachoua zaidi ndani ya beseni ni amonia anayoitoa mwenyewe kupitia mashavu. Katika maji ya pH 7, sehemu yake iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikifika 9, ni kama theluthi. Maji yale yale yanayomfaa humgeuka haraka yakichafuka. Ndiyo maana siku za mwanzo simlishi kabisa, na kila siku nabadilisha sehemu ya maji. Watoto wa nyumbani huniona katili.

Wauza samaki wengine watakushauri ufungue kapsuli ya tetrasaiklini uimwage humo. Mimi sifanyi. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu na magnesiamu, na maji yetu yamejaa vitu hivyo, kwa hiyo nguvu yake nyingi hupotea kabla haijamfikia mgonjwa. Kiasi kinachobaki kinaweza kuwadhuru bakteria wa chujio, wale wanaokula amonia. Unapoteza hela, na unapoteza chujio.

Juni na Julai nazihofia kuliko kidonda chenyewe. Usiku wa Dodoma miezi hiyo ni wa kujifunika mablanketi mawili, na samaki huyu amezoea nyuzijoto 24 hadi 27. Umeme ukikatika hita inazima, nami nalivika beseni blanketi langu na kuwasha pampu ya betri.

Kidonda kikianza kufunga, pezi jipya hutoka halina rangi. Rangi hufuata baadaye. Sifanyi haraka kumrudisha kwa sababu ya pezi. Nangoja aanze kukwangua mwani kwenye jiwe nililomwekea, maana Tropheus asiyekwangua bado mgonjwa.

Siku ya kumrudisha navuruga mawe yote ya tangi ili kila mmoja apoteze himaya yake, nazima taa, ndipo namwachia. Aliyemjeruhi namtoa mapema, akae yeye ndani ya beseni kwa muda. Akirudi anakuta jiwe lina mwenyewe.