Kompyuta ya shangazi na sifa za Mint

Sisi huku Leicester wazima, ila baridi tu.

Wengi mmeniuliza kuhusu kompyuta ya shangazi, ile ya hesabu za kikundi cha akina mama. Haijaharibika jamani. Ni kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha nyongeza fupi kwa waliojiandikisha, na mashine yake ni ya zamani, haikubali Windows 11. Itawaka, lakini siku kirusi kikiingia kwa flashi ya mtu, hesabu za michango ya watu zimekwenda na ugomvi utamwangukia yeye. Na kununua mpya... pauni haziokotwi huku kama mnavyodhani!

Basi nimemchagulia Linux Mint. Iliyo maarufu zaidi ni Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Mint, iliyoanza 2006, imejengwa juu yake. Ila Mint menyu yake iko chini kushoto, pale alipopazoea shangazi. LibreOffice imo tayari na mafaili yake ya Excel inayafungua. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029.

Sasa binamu yetu wa Dubai kaniandikia: si hiyo Mint ilidukuliwa? Kweli. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia tovuti yao, wakawaelekeza watu kwenye nakala ya 17.3 Cinnamon iliyotiwa programu ya kuwafungulia wezi, na taarifa za wanachama wa jukwaa lao zikaibwa. Si jambo dogo. Lakini waliokwisha kuiweka kabla hawakuguswa, na kiongozi wao, Clement Lefebvre, aliwatangazia watu mwenyewe. Mimi namwogopa zaidi anayeficha. Hata Ubuntu, toleo la Oktoba 2012 lilikuwa likipeleka Amazon maneno unayotafuta kwenye kompyuta yako mwenyewe, na tabia hiyo ilizimwa tu mwaka 2016. Kwa hiyo sifa nimezisikia zote, na nilipopakua nililinganisha ile namba ndefu ya uthibitisho, tarakimu kwa tarakimu.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni umbali. Printa ikigoma, nani yuko karibu? Yule kijana wa jirani anaijua Ubuntu, na amri ni karibu zile zile.

Flashi nimempa mtu anayesafiri wiki ijayo. Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo, kwa hiyo ijaribuni hivyo kwanza, printa na intaneti. Shangazi, tafadhali, asibonyeze mtu pa kusakinisha kabla mafaili yote hayajanakiliwa kwenye diski nyingine. Na nitumieni picha ya kibandiko cha nyuma ya printa, nione ni ya aina gani.