Kutembea na Kujikongoja

Hapana lugha yenye neno moja tu la mwendo wa binadamu. Mtoto mchanga hutambaa, mlevi hupepesuka, mwenye mguu mbovu huchechemea, na mkongwe hujikongoja kwa mkongojo wake. Walakini mtu ajifunzapo lugha ya kigeni shuleni, mara nyingi huridhika na neno moja kwa mambo kumi. Habari ya karani mmoja wa wilaya ya milimani, katika miaka ya 1950, yaonyesha jinsi umaskini huo wa maneno unavyoweza kumdhuru mtu asiyehusika nao.

Karani huyo alikuwa amesoma shule ya misheni hata akapata cheti cha Cambridge. Kiingereza chake hakikuwa na kosa la sarufi, naye alijivunia jambo hilo. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliokuja ofisini na shida zao, kuziandika kwa Kiingereza, kisha kuzipeleka mezani kwa Bwana Shauri.

Asubuhi moja ya masika alifika mzee aliyetaka kusamehewa kodi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjwa zamani na gurudumu la gari la ng'ombe, na mfupa ukaunga vibaya. Karani akaandika upesi, kwa maana watu walikuwa wengi barazani, kwamba mwombaji ni mzee mwenye mguu mbovu, na kwamba alitembea maili 11 kuja ofisini. Kwa kutembea alitumia neno "walk", nalo ndilo neno la kwanza ambalo kila mwanafunzi hufundishwa.

Kabla ya adhuhuri karatasi ilirudi na maneno machache ya wino mwekundu: mtu awezaye kutembea maili 11 aweza pia kufanya kazi, na alipe.

Karani akamwita mzee akamfasiria jibu lile. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, uliandika kwamba nilitembea?"

"Ndiyo, baba. Hukuja kwa motakaa."

"Sikutembea, mwanangu. Wewe ndiwe unayetembea. Mimi nilijikongoja. Nilitoka nyumbani jana, jogoo la kwanza. Mtoni maji yalinifika kiunoni, na upande wa pili nikakwama katika tope hata vijana wakanivuta. Usiku nililala kwenye baraza ya duka. Leo ndipo nimefika."

Karani aliona haya. Mambo hayo yote hakuwa ameyauliza. Akamwomba mzee angoje kivulini, naye badala ya kwenda kula chakula cha mchana akaifungua kamusi yake, ambayo tangu kutoka shuleni ilikuwa pambo la meza tu.

Alistaajabu kwa aliyoyakuta. Waingereza, ambao yeye aliwadhani kuwa watu wa motakaa na meli, wana maneno mengi mno ya kwenda kwa taabu. "Limp" ni kuchechemea, mguu mmoja ukikataa kazi. "Hobble" ni kujikongoja, kwa hatua fupi zenye maumivu. Na neno hilo hilo ni kumfunga farasi miguu ili asiende mbali. "Totter" ni kwenda kama mtu aliye karibu na kuanguka, na "stagger" ni kupepesuka kama mlevi au mtu aliyelemewa na mzigo. "Trudge" ni kujikokota njia ndefu huku miguu imekuwa mizito. "Plod" ni mwendo wa ng'ombe wa jembe: si wa haraka, lakini hausimami, na husemwa hata juu ya mtu anayefanya kazi yake polepole bila kukata tamaa. "Flounder" ni kutapatapa katika tope au maji.

Tena maneno hayo yana safari zao. "Wade", yaani kupita majini kwa miguu, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kwenda tu. "Slog" lilikuwa kupiga kwa nguvu, kabla ya kuwa mwendo wa kushindana na njia. "Trek" lilitoka kwa Makaburu wa Afrika ya Kusini, na asili yake ni kuvuta, kama ng'ombe wavutavyo gari. Hata "travel", neno la kusafiri ambalo leo hupendeza masikioni, ni ndugu wa neno la Kifaransa la kufanya kazi ngumu, na wanavyuoni hulifuatisha mpaka neno la Kilatini la chombo cha kutesea watu, chenye miti mitatu. Waliolitumia zamani walijua kwamba njia ni mateso. Na Waingereza walipofika Afrika ya Mashariki katika karne ya 19, wakachukua neno "safari" kwa Waswahili, ambao nao walikuwa wamelipata kwa Waarabu.

Basi karani akaandika upya. Hakuongeza uwongo hata chembe. Aliandika kwamba mzee alijikongoja, akatumia "hobble". Kwamba aliuvuka mto, akatumia "wade". Kwamba alitapatapa topeni mpaka akaokolewa. Na kwamba maili zile 11 zilimchukua siku nzima, na usiku, na asubuhi ya pili. Akaipeleka karatasi kwa mkono wake, akaungama kwamba barua ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa lake.

Bwana Shauri akasoma, akaondoka kitini, akaenda dirishani akamtazama mzee aliyekuwa akiinuka kwa kushika nguzo ya baraza. Hakusema neno. Akarudi mezani, akaufuta wino mwekundu kwa mstari, akaandika kwamba mzee huyu asitozwe tena kodi.

Mzee alipopewa cheti chake alikikunja mara nne, akakitia mfukoni. Akamwambia karani, "Kujikwaa si kuanguka, mwanangu, bali ni kwenda mbele." Kisha akashuka ngazi, moja moja, akashika njia ya nyumbani, na maili 11 zilikuwa bado zi mbele yake.

Msomaji aweza kudhani kwamba faida ya habari hii ni kujua Kiingereza kingi. Sivyo. Karani alikuwa na kamusi mezani tangu mwanzo, na kuifungua pasipo kumwuliza mzee kusingalimsaidia kitu. Kilichokosekana kwanza ni jicho la kumtazama mtu alivyoingia mlangoni, na sikio la kumwuliza, "Umefikaje?" Mwenye kalamu na atazame kabla ya kuandika. Naye mwenye shida, mkulima au mjane, asione haya kueleza njia yake yote, mto na tope na usiku. Kwa sababu yule anayesoma karatasi hakuwapo njiani, wala hana la kumwonyesha njia ile ila neno lililoandikwa.