Mchana Mmoja Mjini Wete

Ukifika Wete wakati wa mavuno, pua hutangulia macho. Karafuu huanikwa majamvini, uani na kando ya barabara, na mpita njia hana budi kukanyaga kwa hadhari.

Nilialikwa huko na rafiki yangu aliyetimiza miaka 35. Mama yake alipika pilau, pweza wa nazi na mkate wa kumimina; keki haikuwapo, wala hakuna aliyeiulizia. Kabla ya kula tulitazama "Deewaar", filamu ya Kihindi ya mwaka 1975. Ndani yake Amitabh Bachchan ni kuli wa bandarini anayegeuka kuwa bwana wa magendo, naye mdogo wake, Shashi Kapoor, ni polisi anayetumwa kumkamata. Mama yao huondoka na yule mdogo.

Hapo sebule ilinyamaza. Pemba magendo si mambo ya sinema tu. Kwa sheria mnunuzi wa karafuu ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na pwani ya Kenya haiko mbali kwa mwenye mashua na usiku wa giza. Mmoja wetu, ambaye kakaye alitoka kifungoni mwaka jana kwa magunia machache, alikuwa akitazama sakafu.

Mama mwenye nyumba aliingia na sinia. "Na yule mkubwa," akauliza, "nani atampakulia?"

Hakujibiwa. Tulipomaliza kula, alijaza sahani nyingine, akaifunika kawa, akamkabidhi rafiki yetu aipeleke kwao.