Noeli ya Waya na Vikwembe

Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi, na mwaka ule iliangukia Jumatano. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nilizaliwa mwaka uleule mji wetu wa Elisabethville ulipopewa jina la Lubumbashi, na wazee wa kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba bado waliteleza ulimi wakalitaja jina la zamani. Alfajiri ile king'ora cha kiwanda kililia kama kawaida, baba akafunga kamba za buti zake, akatoka katika mvua.

Ndugu zangu na mimi hatukuona kwamba tumenyang'anywa sikukuu, kwa sababu ya yale yaliyofanyika uani kwetu majuma machache kabla yake. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Miaka ya nyuma, mtoto wa mfanyakazi aliweza kutumaini gari la bati au mwanasesere kutoka maduka ya katikati ya mji. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Maduka yakabadilisha wenyewe, na mwezi baada ya mwezi rafu zikawa tupu. Kisha, baada ya Aprili 1974, bei ya shaba ikaanza kuporomoka katika soko la dunia. Mkoa wetu wenyewe ulikuwa ukiitwa Shaba, na watu wazima walizungumza habari hizo kwa sauti ya chini. Sisi watoto tulielewa jambo moja tu: mwaka huu hakuna cha kununua.

Mama ndiye aliyeanza. Alitoa mfuko wa vipande vya vikwembe vilivyochakaa, akaniita, "Kuya, mama," yaani njoo, mama. Aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Alipokuwa msichana, alipitia darasa la fuaye, ile nyumba ya kambini ambako kampuni ya madini ya Union Minière iliwafundisha wanawake kushona, kufuma na kutunza nyumba. Aliyojifunza kule alikuwa akiyatumia kila siku, lakini hakuwahi kunifundisha kwa mpango. Sasa alinikalisha juu ya mkeka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akanipa sindano.

Kichwa cha mwanasesere tulikijaza vitambaa vilivyokatwakatwa vidogo sana, kwa sababu mama alisema vipande vikubwa huacha mabonde usoni. Mwili tuliujaza maganda makavu ya mahindi. Macho na mdomo nilidarizi kwa uzi kabla kichwa hakijajazwa, kitambaa kikiwa bado bapa. Kazi kubwa ilikuwa nywele. Mama hakuniruhusu kubandika fungu la nyuzi nyeusi mara moja. Nilishona uzi mmoja mmoja, kwa mistari, kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso, kisha akanifundisha kuzisuka. Kusuka nilikojua baadaye, hata vichwa vya binti zangu, nilikujifunzia kwenye kichwa kile kidogo kilichotosha kiganjani.

Kaka zangu walikuwa kwenye gari la waya. Kila uwanja wa Lubumbashi ulikuwa na watoto wanaosukuma magari hayo, na vijana wakubwa waliyatengeneza wenyewe kwa kuangaliana. Mwaka ule baba aliingia katika kazi hiyo. Alikuwa fundi katika karakana ya mitambo, na alirudi nyumbani akiwa amechoka, akila bukari, ugali wetu, bila maneno mengi. Jioni moja alivuta kigoda, akaomba koleo.

Nilisimama nikitazama. Fremu ilikunjwa kwa waya mnene, na viungo vikafungwa kwa waya mwembamba wa shaba uliotoka katika mota iliyoungua. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, viwili viwili vikifumbana, vikazungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ili visiteleze. Kutoka kwenye ekseli ya mbele ulipanda waya mrefu hadi kiunoni mwa mtoto, na juu yake duara la usukani. Mtoto hutembea nyuma ya gari akiliendesha, naye akikata kona, magurudumu ya mbele hukata kona.

Siri yake yote imo katika kitanzi kimoja katikati ya ekseli. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekikaza kwa nguvu, na gari likakataa kugeuka. Baba alikifungua, akaniita mimi niliyekuwa na vidole vyembamba. "Ukikaza sana haizunguki. Ukilegeza sana gurudumu linalala. Sikiliza kwa vidole." Nilikunja, nikajaribu, nikakunja tena, mpaka waya ukacheza bila kuyumba. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaanza kueleza kwamba kule karakanani hufanya jambo hilohilo kwenye mashine zinazomzidi mtu urefu mara kadhaa, na kwamba mashine iliyokazwa vibaya huanza kupata joto kabla haijapiga kelele.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisimulia kazi yake. Tulikaa karibu na kiwanda maisha yetu yote. Tuliliona lile bomba refu la moshi na kilima cheusi cha taka za shaba kila tulipoinua macho, na mposho, mgao wa chakula uliokuja kila juma, ulitoka huko. Hata hivyo, ng'ambo ya ukuta baba alikuwa mtu tusiyemjua. Kiwanda kilimrudisha kwetu kila jioni akiwa amemaliza kufanya kile alichokijua. Kwa gari lile la waya ndipo nilipoona mikono yake ikifikiri.

Jioni ya tarehe 25 alirudi, tukaenda misa, kisha uani kukawa na sikukuu. Kaka zangu waliendesha lori lao katika matope mpaka giza likaingia, wakifuatwa na watoto wa majirani. Mwanasesere wangu alifungwa mgongoni mwangu kwa kipande cha kikwembe kilekile alichoshonwa nacho. Hakuna aliyetuuliza ni nani ametupa vitu vile, kwa maana kila mtu alituona tukivitengeneza.

Yaliyofuata mji huu unayakumbuka. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 haikufikia hata sehemu moja kwa kumi ya hizo. Katika miaka ile migumu kaka yangu mkubwa aliishi kwa kukata mabati na kuunda mbabula za kuuza. Mimi niliishi kwa cherehani. Sidai kwamba mchezo wa uani ulituokoa. Ninachojua ni kwamba hatukuogopa kitu kilichovunjika, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukifungua na kukifunga tukiwa na watu tuliowaamini.

Leo wajukuu wangu hupata vitu vya plastiki sokoni kwa bei ndogo, nami siwakatazi. Lakini nawaomba wazazi wao jambo moja. Jumapili moja chukua kilichomo nyumbani: kopo, kitambaa, udongo wa kichuguu, gundi ya unga wa muhogo. Usijishughulishe na uzuri wa kitu kitakachotoka. Mpe mtoto sehemu ngumu, umwache akosee na kurudia, na mnapofanya hivyo mweleze ulikojifunzia na jinsi unavyotumia ujuzi huo kazini kwako. Wengi wa watoto wetu hawajui wazazi wao hufanya nini mchana kutwa. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwaonyesha.