Khanga za Familia Kwenye Kitambaa Kimoja cha Meza



Mfunguo Mosi ukiingia harusi hufuatana, na sisi mafundi hatulali. Mbali na magauni, tunapenda kumshonea bi harusi kitambaa cha meza cha duara, kilichoungwa kwa vipande 12 vya kabari, mfano wa vipande vya keki, kutoka khanga za wanawake wake: mama, bibi, mashangazi, na mama mkwe pia.

Khanga ya dukani ikiharibika utanunua nyingine. Ya marehemu bibi haina nyingine. Mteja mmoja alituletea kipande cha ukubwa wa foronya, ndicho pekee kilichosalia. Kwa kazi kama hiyo hatugusi mkasi mpaka karatasi iwe sawa.

Chora duara kwenye karatasi kwa uzi wa inchi 12 kutoka katikati. Likate, likunje nusu, kisha nusu tena, na robo hiyo uikunje mara tatu zilizo sawa. Ukifungua utapata kabari 12 za digrii 30. Chukua moja, ikate ncha inchi 1½, kisha uongeze robo inchi ya mshono pande mbili na ukingo wa nje. Hiyo ndiyo ya kukatia zote.

Khanga zifuliwe na kupigwa pasi kwanza, maana mpya huchuja rangi. Tazama na jina lake. Likimtaja Mwenyezi Mungu, tusiliweke mahali patakapomwagikiwa mchuzi. Tumia maua ya mji au pindo.

Panga kabari zote mezani kabla ya kushona, kisha unga 6 kwa nusu moja na 6 kwa nyingine. Mshono uwe robo inchi tangu ukingo wa nje hadi kwenye ncha, usiyumbe. Kila kabari ikipungua digrii 1 tu, duara zima limepungua 12, na kitambaa kitainuka katikati kama kawa. Zikizidi, ukingo utafanya mawimbi. Ndiyo sababu ya kushona nusu mbili: unaweka rula kwenye upande ulionyooka wa kila nusu na kurekebisha hapo, kabla ya kuziunganisha.

Sasa tandika blanketi jembamba, juu yake bitana uso ukiwa juu, kisha khanga uso chini. Shona kuzunguka ukingo, punguza kinachozidi, na ukate vijichanjo vidogo bila kugusa mshono. Geuza kupitia tundu la katikati, piga pasi. Pitisha cherehani juu ya kila mshono wa kabari ili tabaka zote tatu zishikane. Mwisho funika tundu kwa duara la inchi 4, ukingo wake umekunjwa ndani.

Hakuna haja ya kununua kitu kipya, na vipande vilivyokuwa vinatupwa vinapata kazi. Israfu haimpendezi Mola wetu.

Ushauri wetu mmoja kwa mama wa bi harusi: kabari yako iweke ubavuni mwa ya mama mkwe. Wageni wa kahawa hawatajua, lakini ninyi wawili mtajua.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma. Amin.