Sindano Iliyorudi Nyuma

Vuli ya 1973 nilikuwa mwanafunzi wa fizikia Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Oktoba hiyo ikaja habari kwamba Leo Esaki wa Japani, Ivar Giaever na Brian Josephson wamepata Tuzo ya Nobel. Mhadhiri wetu alifurahi mno, na zoezi la maabara lililofuata likawa diodi ya Esaki.

Ilikuwa kitu kidogo cha gerimani, kimefungwa ndani ya kikopo cha chuma. Pembeni yake tuliunganisha kinzani kidogo, maana bila hicho saketi hutetemeka na vipimo havishikiki. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: ongeza volteji kidogo kidogo, soma mkondo, tia nukta kwenye karatasi ya grafu. Hadi milivolti 60 hivi mkondo ulipanda. Tukaongeza volteji, sindano ikaanza kurudi nyuma.

Mwenzangu kutoka Tabora akaninong'oneza, "Ndugu yangu, mita hii imekufa."

Mita ilikuwa nzima. Karibu na milivolti 350 mkondo ulikuwa umebaki kidogo sana, kisha ukapanda tena kama wa diodi yoyote. Esaki aliliona jambo hilo mwaka 1957, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tokyo ambayo baadaye iliitwa Sony. Alitia kwenye gerimani elementi ngeni kwa wingi usio wa kawaida, hata tabaka la mpaka kati ya pande mbili likawa jembamba, nanomita zipatazo 10 tu. Elektroni ni wimbi pia, na wimbi hupenya kizuizi chembamba namna hiyo hata kama nishati yake haitoshi kukiruka. Lakini ni sharti ng'ambo kuwe na nafasi tupu yenye nishati ileile. Volteji ikizidi, nafasi hizo hazikabiliani tena na elektroni, na mkondo unashuka.

Nadharia hiyo nilikuwa nimeisoma. Kilichonifanya niiamini ni naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Diodi ya kawaida ikipozwa hivyo mkondo wake huporomoka, kwa kuwa elektroni zake hutegemea joto kupanda juu ya kizuizi. Yetu tuliitumbukiza, ukungu mweupe ukafunika meza, na kilele cha mkondo kikabaki karibu palepale. Elektroni hazikuwa zikipanda popote. Zilikuwa zikipita katikati.

Mwaka uliofuata Esaki, akiwa katika kampuni ya IBM pamoja na watafiti wenzake Chang na Tsu, alionyesha upenyaji kupitia kuta mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hapo joto lina neno lake: wimbi la elektroni hurudi-rudi kati ya kuta hizo, na atomi zinapotikisika huvuruga mpangilio wake, kilele kikafifia. Wanaojenga kompyuta za kwanta wanapambana na uvurugaji wa aina hiyohiyo hadi leo.

Upenyaji huo haukubaki maabara: hata picha zilizo kwenye simu yako zimehifadhiwa na elektroni zilizopenyezwa kwenye tabaka jembamba la oksidi. Walimu wa fizikia, msiishie kuchora kizuizi ubaoni. Tafuteni diodi moja, mita mbili na karatasi ya grafu, muwaachie wanafunzi wapime wenyewe.